Wageni Waliotoka Tumboni mwa Raya

Katika nchi ambayo jua lake lilikwama utosini likakataa kushuka, palikuwa na nyumba yenye wajane wawili na mafiga ya kila mmoja wao. Mume wao alikwisha kufa, lakini ugomvi aliouacha ulikuwa mzima wa afya, unakula na kunenepa. Mke mkubwa aliitwa Mize, mke mdogo aliitwa Raya. Hawakuwahi kupigana, walipimana tu. Mmoja akifagia, mwenzake alifagia tena palepale. Mmoja akiimba, wa pili alikohoa. Ndivyo walivyoishi, na wangeishi hivyo hadi kiyama kama tumbo la Mize lisingegoma.

Tumbo hilo liliharibiwa na dawa. Mize aliumwa jino, akameza vidonge vya rangi mbili, vile ambavyo kila mwanamke wa nchi ile huvifunga kwenye pindo la kanga kwa ajili ya jino, homa, kidonda, kikohozi na hata huzuni. Jino likapoa. Tumbo likafunguka, na lilipofunguka halikutaka tena kufunga. Akameza vingine ili alifunge, kisha vingine ili avisaidie vile vya kwanza. Dawa ile haitofautishi mwizi na mwenye nyumba. Ilifyeka wote waliokuwa wakiishi ndani yake tangu alipozaliwa, wale wadogo wasioonekana wanaotusagia chakula bila kushukuriwa. Akabaki mdudu mmoja, yule ambaye dawa ikija hujifungia ndani ya gamba akalala, na ikiondoka hutoka akala nyumba nzima. Mize akakonda hadi pete ikawa inamponyoka kidoleni.

Dokta Shemsa, mwanamke asiyejua kuzunguka maneno, alimwambia: "Bi Mize, ndani yako pamekuwa gofu. Panataka watu. Tutawachukua kwa mtu mwenye afya tuwapandikize kwako."

Mize akauliza watu hao huchukuliwa kutoka wapi katika mwili wa huyo mwenye afya. Dokta akamtajia, bila kupepesa. Mize akasema astaghafirullah, akajifunika uso. Alipojifunua aliuliza mtu mwenyewe ni nani, maana hakuwa na ndugu aliyebaki duniani. Dokta alitazama tu upande wa jikoni, ambako Raya alikuwa akichambua majani machungu ya mchunga huku akiimba.

Raya alikubali kama mtu aliyeombwa chumvi. Ikafanyika: mpira mwembamba, kitanda cha chuma, dari nyeupe. Dokta alitoa masharti mawili. Asimeze rangi mbili tena. Ale majani na kunde, asishibe wali mtupu. Kisha Mize akarudishwa nyumbani, akalazwa, na jua likaendelea kukaa palepale.

Tuseme kweli: Mize aliogopa kupona. Kifo alikwisha kukizoea, kilikuwa kinakaa kitandani naye kama jirani asiye na haya. Lakini kupona kwa watu wa Raya kulimtia baridi ya mifupa. Alilala chali, mikono juu ya tumbo, akisikiliza. Viumbe waliozaliwa ndani ya mke mwenzake, wakalelewa na vyakula vya mke mwenzake, wakalala usingizi wakisikia moyo wa mke mwenzake ukidunda ng'ambo ya ukuta, sasa walikuwa njiani ndani yake. Wakikaa, watataka walivyozoea. Watamchagulia chakula, kisha usingizi, kisha pengine hata jambo la kumchekesha. Mtu ni nani hasa? Ni yule anayekaa ndani ya ngozi, au ni ngozi yenyewe, pango lililopewa jina? Kama ni anayekaa ndani, basi Mize alikwisha kufa zamani, siku ile rangi mbili zilipopita. Na kama ni pango, tangu lini pango likachagua popo wake?

Aliwaza hivyo, na mkono wake ukapanda ukaanza kuvuta ndewe ya sikio. Akaushtukia. Hiyo ilikuwa tabia ya Raya. Raya ndiye avutaye ndewe akiwa na mawazo, na Mize aliichukia tabia hiyo miaka yote. Au aliianza yeye Mize, na Raya akamwiga? Akajaribu kukumbuka. Miaka ilikataa kukaa kwenye foleni. Ya mwisho ilipita mbele, ya kwanza haikutokea kabisa. Akaukalia mkono wake ule, akafumba macho kwa nguvu, na hapo kitanda kikamwachia akaanguka.

*

Alisimama ndani yake mwenyewe. Alipajua mara moja, kama unavyoijua nyumba yako hata ukiingizwa umefungwa kitambaa machoni. Ulikuwa mji wa njia moja ndefu inayojipinda na kujirudia, kuta zake laini, zina umajimaji. Milango yote wazi. Mafiga baridi, vyungu vimefudikizwa. Katikati ya njia ulipita mto wa nyongo, rangi ya kijani inayokaribia manjano, na kandokando ya mto, kwenye kila pembe na kila kizingiti, yalikaa magamba. Madogo, ya mviringo, yamefungwa kimya. Mize alipita kati yake akinyanyua miguu, maana kitu fulani kilimwambia kwamba hayakuwa matupu.

Mtu mmoja tu alionekana. Alikuwa mfupi, ana udongo hadi viwikoni, anakandika ukuta kwa viganja. Anachota, anabandika, analainisha, anachota.

"Nani wewe?" Mize akamwuliza.

"Vuai. Mkandikaji." Hakugeuka. "Tulikuwa ukoo mzima, mama. Mbingu ilipobadilika rangi mimi nilikuwa nimeingia kwenye ufa, naziba. Nilipotoka sikumkuta hata mtu wa kumwambia nimemaliza."

"Na peke yako utaumaliza ukuta wote huu?"

"Sitaumaliza. Ila nikiacha, vya ndani vitatoka na vya nje vitaingia, na huo ndio mwisho wa maneno."

Mize akaonyesha magamba kwa kidevu. Kuyanyooshea kidole aliogopa. Vuai akashusha sauti. Zamani, alisema, mji ulikuwa na wapikaji wa nyongo. Nyongo ikishapikwa, wenye magamba wakiinusa hujikunyata wakalala. Ikipita mbichi, huinusa wakaamka. Wapikaji wote wamekufa. Sasa inapita mbichi.

Kama kuthibitisha maneno yake, gamba moja ng'ambo ya mto lililia ta! Halikufunguka. Lilipata ufa tu, mwembamba kama unywele. Vuai akaanza kukandika haraka zaidi, na Mize akajikuta amemshika shati mtu asiyemjua.

Ndipo likasikika langoni: "Hodi!"

Ilikuwa sauti ya umma. Umma mzima ukisema neno moja, kwa adabu, kama watu waliotoka mbali na hawataki kuonekana wana njaa. Na ndani ya sauti hiyo Mize alisikia kikohozi anachokijua, cha Raya.

Katika nchi ile, juu na chini, mgeni hubisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa hata mara ya tatu hugeuka akaenda zake, ingawa mlango uko wazi naye anakufa kwa jua. Anayeingia bila kuambiwa karibu ni mwizi, na hata wezi wa huko, wakiwa na malezi mema, hubisha kwanza.

"Waitikie basi," Mize akanong'ona, akitumaini hatawaitikia.

"Mimi?" Vuai akashangaa. "Mimi fundi. Fundi hamkaribishi mgeni kwenye nyumba ya watu. Aitike mwenyeji."

"Unawataka lakini?"

Vuai akatazama viganja vyake. "Wamo wakandikaji kati yao. Nimewasikia wanavyosafisha koo, ni ukoo wangu, ila ni wa nyumba nyingine. Wenye jamaa hapa watapata pa kushika, hao wengine sijui. Nawataka. Na ninawaogopa pia, mama, sikufichi. Huenda wanakandika kuliko mimi. Wakishaingia, nani ataniuliza Vuai yuko wapi?"

Mize akafunga kinywa chake kwa mkono. Hodi ya kwanza ikafifia.

*

Juu, jua lilikuwa palepale, na Raya amesimama kando ya kitanda ameshika sahani. Kunde, na mchunga uliochemshwa, mchungu, mweusi.

"Kula," Raya akasema.

Mize akaiangalia sahani. Mate yakamjaa kinywani, na hilo likamtisha kuliko gamba. Hakuwahi kupenda mchunga. Nani basi aliyetema mate yale?

"Mgonjwa haletewi mchunga," akasema. "Hata mgeni asiyependwa hupewa wali."

"Dokta kasema majani."

"Dokta hakusema unidhalilishe. Nipikie wali mweupe, wa tui. Na usivute ndewe yako mbele yangu."

Raya alishusha mkono. Akarudi jikoni nyuma ya pazia. Hakuimba.

Na hapa msimulizi anacheka kidogo, kicheko cha woga, kwa sababu anawajua watu wake. Mize hakuwataka wale wageni hata kidogo. Angeweza, angewafukuza kwa ufagio. Lakini wamekaa langoni pake. Wakirudi walikotoka wakasema kwa Bi Mize tulilishwa majani, atauficha wapi uso wake? Mgeni unaweza kumnunia, unaweza kumsema akishaondoka, ila humlishi nyasi. Kwa hiyo Mize aliula wali ule wote, mweupe, laini, wenye tui zito, akiupeleka chini tonge baada ya tonge kwa ajili ya heshima ya watu aliowaogopa. Hajawahi mtu kuua wageni kwa adabu nzuri kuliko hiyo.

*

Aliposhuka tena, mto ulikuwa umefura. Umma ulikuwa bado langoni, lakini ulikuwa umepungua. Wengine walikuwa wameketi vichwa magotini. Wengine walipita bila kusimama, wakichukuliwa na maji kuelekea upande ambao kila kitu huendea na hakirudi. Walikuwa wakipunga mikono walipokuwa wakipita.

"Hawakula?" Mize akauliza. "Nimewaletea wali wa tui. Sahani nzima!"

"Wali gani?" Vuai akamtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wali huishia huko juu, mama, kwa mabwana wa juu. Hunyonywa wote kabla haujafika pembe ya kwanza. Huku chini hutufikia makapi. Yale magumu, yale machungu waliyoshindwa wao. Makapi ndiyo karamu yetu. Tangu wewe uanze kula vizuri, sisi tunakufa njaa."

Mize alikuwa mtu aliyeishi kwa kujua heshima ya sahani, na sasa sahani ilimgeukia.

"Hodi!" Umma ukabisha mara ya pili. Safari hii sauti ilikuwa na upepo ndani yake.

Na gamba lile lenye ufa likafunguka.

Kilichotoka hakikuwa kikubwa. Hilo ndilo baya lake. Kilitoka taratibu, kikajinyoosha, kikapiga miayo, kikatembea hadi kwenye ukuta aliokuwa ameukandika Vuai, kikaanza kuula. Kilikula bila pupa, kama mtu anayekula kwake. Pale kilipouma, juu, kitandani, Mize alipiga yowe. Maumivu yale yalimkunja mara mbili, na mikono yake, kwa mazoea ya maisha yote, ikaenda kwenye pindo la kanga. Fundo likafunguka lenyewe. Vidonge viwili. Alikiweka kimoja ulimini.

Hapo akawa mahali pawili. Kitandani alikuwa amekaa amefumba mdomo, kidonge kinayeyuka pembeni. Chini mjini alikuwa amesimama uso juu, na mbingu ya mji ilikuwa imejitokeza kwa mara ya kwanza: nusu nyekundu, nusu nyeusi, inaning'inia, inadondosha tone moja moja. Kila tone lilipoangukia, mahali hapo palitulia kabisa.

Vuai alianguka kifudifudi. "Ndiyo ile!" akalia. "Ndiyo ile mbingu! Nani huyo? Nani mwenye mdomo huo?"

"Ni mimi," Mize akasema.

"Basi mwambie ateme!"

Utamwambiaje mwenyewe? Alijaribu. Aliita juu: teme, Mize, teme. Lakini Mize wa juu alikuwa na maumivu, na mwenye maumivu hasikii ya chini. Alijua tu kwamba dawa hii ilimponya jino. Alijua kwamba ndani yake wamesimama watu wa Raya. Kwa tone moja zaidi angekuwa wake peke yake, msafi, mtupu, bila mgeni. Mwenye enzi na walioko chini ya enzi walikuwa ni mtu mmoja, na bado hawakuelewana lugha.

Kile kiumbe kiliacha kula. Kikageuka, na kilikuwa na uso wa Mize alipokuwa msichana, kabla ya ndoa, kabla ya Raya.

"Mize," kikasema kwa upole. "Mize wangu. Usiwasikilize. Hawa wa langoni wametoka kwa yule mwanamke, na huyu fundi hata jina lako halijui. Mwulize."

Mize akamgeukia Vuai. "Unanijua mimi ni nani?"

Vuai aliinua uso uliojaa udongo. "Sikujui, mama. Nimekuona leo."

"Mimi ndiye mwenye mji huu. Nimekubeba tangu kuzaliwa kwako. Hujawahi kusikia mtu akisema Mize?"

"Nilidhani mji ni mji tu," Vuai akasema, na alionekana kuona haya.

"Umesikia?" kiumbe kikasema. "Mimi nakujua. Mimi nilibaki wote walipokukimbia. Mimi ni wa humu humu, sikuletwa na mpira wa mtu. Meza, mpenzi. Mimi nitaingia kwenye gamba langu ninyamaze kidogo. Wao watakwisha. Tutabaki mimi na wewe."

Sauti ile ilikuwa tamu, na Mize, Mungu amsamehe, aliipenda. Nani asiyependa kuitwa jina lake? Alitambaa hadi langoni, akaweka shavu kwenye mbao za lango, akawauliza walioko nje swali alilokuwa ameogopa kuliuliza tangu mwanzo.

"Nyinyi ni akina nani? Mmetumwa na Raya?"

Nje wakanong'onezana. Kisha mmoja, sauti imechoka kabisa, akajibu: "Raya ndiye nani, bibi?"

Mize alingoja wacheke. Hawakucheka. Walikuwa wameishi ndani ya Raya, wao na mababu wa mababu zao, wakala chakula chake na kumjengea kuta, na hawakuwahi kumsikia. Kikohozi kile kilikuwa kikohozi tu, watu hukohoa. Chuki ya miaka yote ya nyumba ile, kupimana kote kule kwa ufagio na wimbo, haikuwahi kufika huku chini. Huku hapakuwa na mke mkubwa wala mdogo. Palikuwa na ukuta, na makapi, na nyongo ya kupika.

Ungedhani atapumua. Badala yake hofu nyingine ikamshika, pana zaidi, isiyo na uso. Kama hawamjui Raya, na Vuai hamjui Mize, basi yuko wapi huyo Mize wa kulindwa? Nani aliyekuwa akiogopa kunyang'anywa, na anyang'anywe nini? Mimi ni sauti juu ya mji usionisikia. Mimi ni jina lililobandikwa mlangoni na watu wa nje. Mimi ni. Mimi. Na katika ulimwengu huu mzima wa ndani, anayeniita kwa jina ni mmoja tu, naye anakula ukuta wangu.

Hilo la mwisho ndilo lililomzindua. Alimtazama yule mwenye uso wa ujana wake, aliyekuwa amesharudi kwenye ukuta, anatafuna huku akimtabasamia.

"Hodi," umma ukasema mara ya tatu. Haikuwa tena sauti ya kubisha. Ilikuwa ya watu wanaotimiza desturi kabla ya kuondoka.

Mize alifungua kinywa kwa hofu. Msimpe sifa ya ukarimu, hakuwa nayo; kama angejua njia ya tatu angeipita. "Karibuni!" akapiga kelele. "Karibuni ndani!"

Neno hilo halisemeki mdomo ukiwa umefumbwa. Kitandani, midomo ya Mize iliachana, na kile kidonge, nusu kimeyeyuka, kikadondoka kwenye shuka kikiwa na uzi wa mate mwekundu. Mbingu ya mji ikatoweka.

*

Waliingia. Hapakuwa na vigelegele. Wengi walipita tu: waliingia lango hili wakatokea lile, kwa kuwa hawakupata ndugu wala nyumba iliyowafaa, na hakuna aliyewalaumu. Waliobaki walikuwa wachache. Waliangalia mafiga, wakapuliza majivu.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Vuai akasema, akijifuta udongo usoni. "Ila hawa hawana nguvu ya kushika jembe. Mama, kama kweli wewe ndiye mwenye mdomo, leta makapi."

Juu, Mize akaita kwa sauti iliyokatika: "Raya! Ule mchunga!" Akaletewa. Akaula kwa machozi, uchungu wake ukimpasua koo, kunde zikimjaa. Raya alisimama kando amemkodolea macho, haamini. Tonge za kwanza zilipofika chini, wapikaji wa nyongo waliokuwamo kati ya wageni walikuwa wameshajua vyungu viko wapi. Mto ukaanza kubadilika rangi. Yule aliyekuwa akila ukuta akainua pua, akanusa, akakunja uso. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akimwita Mize, Mize, hadi akaingia kwenye gamba lake na gamba likajifunga. Halikuondoka. Lilibaki palepale kizingitini, dogo, la mviringo, nalo lipo hadi sasa.

Wakandikaji wa ukoo wa Vuai walimkuta ukutani. Walisalimiana kwa aibu. Kisha mikono ikaanza: kuchota, kubandika, kulainisha. Mize akakaa kwenye kizingiti akawatazama, na muda, ambao kule hauna mwendo, ulimpita akiwa amekaa. Kuta zilipanda. Moshi ukatoka nyumba moja, kisha ya pili. Mji ulianza kunukia watu.

Alipotaka kumshukuru Vuai hakumwona. Migongo yote ilifanana, viwiko vyote vilikuwa na udongo.

"Vuai!" akaita.

Waligeuka wengi. Wote walimtazama kwa adabu, wakingoja kazi. Alizitafuta zile nyuso, moja baada ya nyingine, akitafuta macho mekundu, na hakuwa na hakika. Pengine alikuwa huyu. Pengine alikuwa amejigawa kwa wote, au walikuwa wamemfunika zamani na jina lake tu ndilo walilolichukua, kama mtu anavyochukua koti lililoachwa. Wakangoja kidogo, kisha wakarudi kazini.

Mize akasimama. Alikuwa na jambo moja la kujaribu na hakutaka kulijaribu, lakini lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Mize!" akajiita.

Hakuna aliyegeuka. Mji mzima uliendelea: ukuta, chungu, mto, moshi. Akaita tena, kwa nguvu zake zote, na jina likazunguka ile njia ndefu inayojipinda, likapita kila mlango, likarudi kwake likiwa halijaguswa na mtu.

Kisha pazia la jikoni likafunuka. Raya aliingia mbio, kanga imemponyoka kichwani, uso umempauka, akashika nguzo ya kitanda.

"Nani kakuita?" akauliza akihema.

Mize alimwangalia. Alikuwa juu, kitandani, ndani ya ngozi yake, na tumbo lilikuwa limetulia kama halijawahi kuumwa.

"Mimi mwenyewe. Nilitaka kujua nani ataitika."

Raya akakaa chini ghafla, sakafuni palepale. "Nimeitika mimi," akasema. "Tangu ulipolazwa sijalala, nakaa nyuma ya pazia lile nakusikiliza unavyopumua. Unadhani unaogopa peke yako? Kuna sehemu yangu humo ndani, Mize, na siwezi kwenda kuitazama. Ukifa watanizika nawe, nami nitakuwa nimesimama juu ya kaburi natia udongo, na hakuna atakayejua."

Mize aliitafuta chuki yake ya zamani mahali ilipozoea kukaa. Aliikuta ipo, ila hakuwa na hakika tena kama ni yake. Chini kabisa, mbali, alihisi viganja vingi vikilainisha ukuta, vya watu wasiomjua yeye wala huyu aliyekaa sakafuni akilia.

"Usirudi nyuma ya pazia," akasema. "Naogopa."

Raya akapanda kitandani, akajilaza upande wa ukutani. Hakumwambia asiogope.